Elimu Bila Ada na Debe la Mahindi: Nani Analipia Chakula cha Mtoto Shuleni?

Mkutano wa wazazi uliitishwa saa tatu asubuhi, ukaanza saa tano. Tulikaa kwenye madawati ya darasa la nne, magoti yamebana, jua likitupiga kupitia madirisha yasiyo na vioo. Ajenda tatu za mwanzo zilipita bila mtu kunyoosha mkono. Ya nne ilikuwa chakula cha wanafunzi. Mwalimu mkuu hajafika mbali, baba mmoja akasimama kule nyuma.

"Samahani, Mwalimu. Sisi tulitangaziwa elimu bure. Sasa hili debe la mahindi limetoka wapi?"

Darasa zima likaguna. Mama mmoja aliyekaa mbele akageuka. "Baba Neema, kwani huko nyumbani mtoto anakula bure?" Watu wakacheka, kisha wakaanza kusema wote kwa mpigo, mpaka mwenyekiti wa kamati ya shule akagonga meza.

Nimekaa kwenye mikutano ya namna hii zaidi ya mara moja, na kila mara naona pande zote mbili zina hoja. Baba Neema hakuwa mbishi. Alikuwa anauliza swali ambalo maelfu ya wazazi Tanzania wanalo na hawajawahi kujibiwa kwa utulivu. Tatizo linaanzia kwenye maneno matatu tunayoyachanganya kana kwamba ni kitu kimoja: ada, ruzuku na mchango.

Ada ni malipo ambayo mtoto asipolipiwa hapokelewi darasani. Katika shule za msingi za serikali ada ilikwishaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ukaja kuondoa ada ya sekondari hadi kidato cha nne pamoja na michango ya lazima, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita nao wakaingizwa.

Ruzuku ni fedha ambayo serikali huipeleka shuleni kwa kuhesabu vichwa vya wanafunzi. Mpango ulipoanza, hesabu ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Kazi yake ni kuendesha shule: chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, vitabu.

Mchango ni kile ambacho wazazi wenyewe wanakaa, wanakubaliana, wanatoa. Unaweza kuwa fedha, mahindi, kuni, au nguvu za mikono.

Sasa, chakula kiko kwenye fungu lipi? Jibu lipo kwenye waraka mwingine ambao wazazi wengi hawajausikia, Na. 3 wa mwaka 2016, uliotolewa kufafanua ule wa kwanza baada ya watu kuulewa kila mmoja kivyake. Huo uligawa majukumu. Mwanafunzi wa bweni chakula chake ni cha serikali, na mpango ulipoanza ilitengwa shilingi 1,500 kwa siku kwa kila mmoja. Mwanafunzi wa kutwa chakula chake kilibaki kwa mzazi, pamoja na sare, madaftari, kalamu, nauli na matibabu. Wala hilo halikuwa geni, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtwika mzazi wajibu wa kumlisha mwanawe.

Kwa hiyo kisheria mama wa mbele alikuwa sahihi. Elimu bila ada haikuwahi kuwa chakula bila mchango. Ila neno lililotangazwa mitaani lilikuwa "elimu bure", na mtu akishaambiwa bure, kila kinachofuata anakiona ni ulaji wa walimu.

Halafu ikaja Januari 2018. Kukiwa na malalamiko ya watoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya michango, Rais John Magufuli akaipiga marufuku shuleni. Mzazi mwenye nia ya kuchangia akaelekezwa apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, asimpe mwalimu. Nia ilikuwa kumlinda mtoto wa maskini, na watoto wengi kweli walikuwa wakinyanyaswa. Lakini mkurugenzi yuko makao makuu ya wilaya, na sufuria liko kijijini. Ziko shule ambako moto wa jikoni ulizimika mwezi huohuo, kwa sababu hakuna mwalimu mkuu aliyetaka kukutwa na gunia la mahindi asiloweza kulitolea maelezo. Baadaye viongozi walifafanua kuwa chakula kinachokubaliwa na wazazi wenyewe hakikukatazwa, lakini ufafanuzi husafiri polepole kuliko marufuku. Mpaka leo kuna wazazi, na hata watendaji, wanaoamini kwamba kuchangia uji ni kosa.

Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo kelele nyingi hupungua.

Mipango ya chakula shuleni katika ukanda wetu kwa muda mrefu imetumia kipimo kinachokaribia hiki kwa mlo mmoja wa mtoto: gramu 150 za nafaka, gramu 40 za maharage au jamii ya kunde, na gramu 5 za mafuta. Mwaka wa masomo Tanzania una siku 194. Zidisha. Mtoto mmoja kwa mwaka anahitaji kilo 29 za mahindi, yaani kama debe moja na nusu, kilo zisizofika 8 za maharage, na mafuta kama lita moja. Hapo ndipo debe lililomshtua Baba Neema lilipotoka. Mtu alikaa na kalamu, akagawanya.

Ukiuangalia mzigo huo kwa mtoto mmoja, ni mwepesi. Uangalie kwa shule ya watoto 600: kilo 90 za mahindi kila siku, kilo 24 za maharage kila siku, na mwisho wa mwaka magunia 175 ya mahindi ya kilo mia mia. Hapo bado kuni, chumvi, maji, mshahara wa wapishi, sufuria zinazotoboka. Ile ruzuku ya shilingi 10,000 ukiigawa kwa siku 194 unapata kama shilingi 52. Hiyo hainunui hata andazi, na ndiyo hiyohiyo inayotakiwa inunue chaki. Anayedhani mwalimu mkuu anaikalia fedha ya chakula iliyotoka serikalini aanze na hesabu hii, kwa sababu kwa shule ya kutwa fedha hiyo haikuwahi kutumwa.

Lakini je, kuna haja? Hili nalo huulizwa, tena na watu wazima waliosoma kwa shida na wakafaulu. "Sisi tulisoma na njaa, mbona tupo?" Ndugu yangu, wewe upo. Wale waliokuwa wakisinzia pembeni yako na wakaishia darasa la tano hawapo kwenye mazungumzo haya.

Chukua mfano wa kibatari. Mafuta yakiwemo, utambi unatoa mwanga na wenyewe hauishi haraka. Mafuta yakikauka moto hauzimiki palepale. Unaanza kuula utambi. Mwanga unakuwa mwekundu, moshi unazidi, na utambi unafupika. Mtoto aliyekula jana saa moja jioni, akaondoka nyumbani alfajiri bila kitu, akatembea kilomita nne, anafika shuleni akiwa ameanza kuula utambi. Waulize walimu wa darasa la kwanza ni saa ngapi iliyo ngumu kufundisha. Watakuambia saa tano. Mtoto anatazama ubao lakini haoni, anaitwa jina mara mbili, analaza kichwa kwenye dawati. Wengine tunamwita mvivu, wengine mkorofi. Wakati wa mapumziko utamwona bombani, anakunywa maji mpaka tumbo linavimba, kisha anarudi darasani kimya.

Ndiyo maana uji wa saa nne una faida kubwa kuliko ukubwa wake. Kikombe kimoja kabla ya kipindi cha Hisabati kinafanya kazi ambayo sahani kubwa ya saa tisa, mtoto akiwa anarudi nyumbani, haiwezi kuifanya. Shule ikiwa na uwezo wa mlo mmoja tu, mimi ningechagua huo wa asubuhi.

Halafu kuna kundi linalosahaulika, darasa la saba. Mtihani wao wa taifa huwa Septemba, na miezi kadhaa kabla yake shule nyingi huwabakiza kwa masomo ya ziada hadi saa kumi au kumi na moja jioni. Wenzao wameshakwenda. Hawa wako darasani tangu asubuhi, na pengine mlo wao wa mwisho ni kiporo cha alfajiri. Tunawaongezea saa za kusoma ambazo vichwa vyao haviwezi kuzipokea. Nimewahi kumsikia mama mmoja akimwambia mwalimu wa taaluma, kwa heshima kabisa, kwamba mwanawe hamkatazi kubaki, ila arudishwe nyumbani saa nane ale kwanza, kisha atarudi. Nyumbani kwao ni saa nzima kwa mguu.

Kuna jambo moja ambalo wanaotetea chakula shuleni hulitia chumvi, na mimi nisingependa kulitia. Uji wa shule hauponyi udumavu. Udumavu ni kufupika kwa mtoto, kimo na ubongo, kunakotokana na lishe duni ya muda mrefu, na sehemu kubwa ya madhara hutokea tangu mimba hadi mtoto afikishe miaka miwili. Anapofika darasa la kwanza basi hilo limeshampita. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwakuta watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Na mkoa ulioongoza ni Iringa, ambako ni zaidi ya nusu, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa. Hiyo ni mikoa inayolisha nchi mahindi! Kwa hiyo anayesema "kwetu chakula kipo tele, hatuhitaji mpango" aitazame Iringa. Ghala kujaa ni jambo moja. Mtoto kupata maharage, mboga, matunda, yai na mafuta ni jambo jingine.

Kinachowezekana shuleni ni kumfanya mtoto aje, abaki, na akiwa darasani awe na nguvu ya kusikia. Mahudhurio hupanda, hilo limeonekana nchi baada ya nchi, hasa kwa wasichana na hasa sehemu za ukame. Kama atafaulu, hilo linahitaji na mwalimu aliyepo, na kitabu. Uji haufundishi kuzidisha.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma.

Mchango ukiwa wa hiari, na chakula kikapikwa kwa waliochanga tu, anayeachwa ni nani? Mtoto wa fundi mwenye kazi atachangiwa. Mtoto wa mwenye duka atachangiwa. Atakayekosa ni anayelelewa na bibi, yule ambaye nyumbani pia hakuna. Yaani mpango uliobuniwa kwa ajili ya njaa unamruka mwenye njaa na kumpa aliyekula asubuhi. Nimeliona kwa macho: foleni ya vikombe upande mmoja wa mwembe, na upande wa pili watoto kumi na kitu wameambiwa wakacheze. Hawakuwa wanacheza. Walikuwa wamekaa wakitazama upawa ukipanda na kushuka. Mmoja alikuwa na kikombe chake, cha bluu, amekileta na kukificha chini ya sweta, labda akitumaini siku hiyo hawatasoma majina.

Mtoto huyo hana deni. Makubaliano ni ya wazazi, na mzazi asiyetoa ashughulikiwe mzazi, kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, siyo mwanawe kwenye foleni. Na miongoni mwa wasiotoa kuna makundi mawili ambayo lazima yatenganishwe: asiyetaka na asiyeweza. Kijijini tunajuana. Haihitaji utafiti kujua ni nyumba ipi haina.

Hoja inayorudishwa ni kwamba ukiwalisha wote, wazazi wote wataacha kutoa. Ni hofu ya kweli, siibezi. Lakini shule inayolisha wote na kubandika hesabu yake ukutani, gunia lililoingia na kilo zilizotoka, huwa na uso wa kumfuata mkaidi. Shule inayoficha daftari la stoo inamfuata kwa uso gani? Wazazi wengi wanaogoma hawagomi kwa sababu ya debe. Wanagoma kwa sababu mwaka jana hawakuambiwa debe lao liliishia wapi.

Majirani zetu wamejaribu njia mbalimbali. Uganda sheria yao ya elimu ya mwaka 2008 inamwachia mzazi chakula kama sisi, na ubishi wao unafanana na wetu. Rwanda wamekwenda mbali zaidi: tangu 2021 mpango unagusa wanafunzi wa ngazi zote, mzazi wa shule ya msingi anatoa faranga 975 kwa muhula na sehemu kubwa inabebwa na serikali. Jijini Nairobi, mpango wa Dishi na County ulioanza 2023 kwa kushirikiana na shirika la Food4Education la Wawira Njiru unamtoza mzazi shilingi 5 za Kenya kwa mlo. Mtoto anavaa bangili mkononi, anaigusisha kwenye kifaa, anapewa chakula. Mzazi huweka fedha kwa simu, kwa hiyo haipiti mikononi mwa mtoto wala mwalimu, na foleni haina kusomewa majina. Hicho ndicho ninachokipenda zaidi pale.

Kenya hiyohiyo ina somo jingine. Waliosoma huko miaka ya 1980 wanayakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza 1979 chini ya Rais Moi, na jinsi yalivyokuja kutoweka. Baadaye, mwaka 2009, serikali ilianza mpango wa kununua chakula cha shule kwa wakulima wa karibu, ikichukua shule kidogokidogo kutoka mikononi mwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, mpaka 2018 makabidhiano yakakamilika. Miaka 9 ya kujiandaa. Kwetu, shirika hilo lililisha shule za mikoa kame kama Dodoma na Singida tangu mwaka 2000, na misaada ilipokwisha, shule nyingi zilibaki na majiko matupu. Hapo wale wanaosema "hii ni miradi ya wafadhili" wana haki ya kusema hivyo. Ila dawa yake ni kukifanya chakula kuwa mstari kwenye bajeti ya halmashauri.

Mambo ya jikoni nitayapitia haraka, ingawa ndiyo yanayoua. Mahindi yakiwekwa sakafuni kwenye stoo yenye unyevu huota ukungu unaozalisha sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mahindi yakauke kabla ya kupokelewa, yapangwe juu ya mbao, na yenye rangi ya kijani au nyeusi yasichanganywe "kwa kuwa ni machache". Viuatilifu visikae stoo moja na chakula kamwe: mwaka 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule chenye sumu ya wadudu. Na kuni. Serikali imezitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, jambo jema kwa misitu na kwa macho ya wapishi, lakini shule ya kijijini iliyoambiwa hivyo inahitaji kuonyeshwa gesi au jiko banifu litanunuliwa kwa fungu gani. La sivyo uji ndio utakaozimwa.

Nirudi kwenye mkutano wetu. Ulikwisha saa nane. Aliyeusogeza hakuwa mwalimu wala mwenyekiti, ni bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango, ana wajukuu watatu pale shuleni. Alisema fedha hana, mahindi ya madebe manne na nusu kwa mkupuo hana, lakini mwezi wa saba baada ya mavuno ana maharage kidogo, na kuni anaweza kukata kila wiki. Akauliza kama kuni zinahesabiwa.

Mwalimu mkuu alimtazama mwenyekiti. Baba Neema akasema kutoka nyuma, "Zihesabiwe." Akaongeza kwamba yeye debe atatoa, ila anataka daftari la stoo lisomwe kila mkutano, na foleni ya watoto iwe moja. Hapakuwa na aliyepinga. Katibu akafungua ukurasa mpya, akapiga mistari kwa rula: jina la mzazi, mahindi, maharage, fedha, kuni.